Mita mia tatu kusini

Agosti 2016, kiangazi kimeshika, tulipiga kambi magharibi ya mji wa Geita. Usiku jenereta ilinguruma kuchaji vishikwambi viwili, na asubuhi nilitoka na kimoja nikijiona nimebeba Geita nzima: programu ya ramani ya QField, picha za setilaiti, na ramani ya zamani iliyoskaniwa, yenye alama za mashimo ya dhahabu ya enzi za mkoloni. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo.

Shimo la kwanza nililifuata kwa uhakika. Nukta ya bluu ilipokalia alama, nilisimama katikati ya shamba la mihogo. Hakuna shimo, hakuna kifusi, hata kipande cha jiwe jeupe la kwatzi. Mzee tuliyemwajiri kutuongoza aliniacha nizunguke hadi nikachoka.

"Binti yangu, unatafuta duara la zamani? Liko kule, chini ya ule mgongo."

Alinyoosha mkono kusini. Tulitembea karibu mita 300, na duara, yaani shimo lenyewe, lilikuwepo, limefunikwa na vichaka. Usiku ule ndipo nilipoelewa. Ramani ilichorwa kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, nacho kishikwambi kilihesabu kwa WGS 84, ule wa GPS. Tarakimu zile zile, ardhi tofauti. Nilikuwa nimezinakili kutoka pembeni mwa ramani bila kuzibadilisha. Kama ningechora mtaro wa uchunguzi pale, tungeharibu mihogo ya watu bure. Mpaka leo, swali la kwanza ninalomuuliza kijana anayeniletea ramani ni: imechorwa kwa mfumo gani?

Kwenye mgongo wenyewe nilijifunza la pili. Mwamba ule ni wa chuma, mistari myekundu na myeusi, una zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake mna magnetaiti. Nilipolaza simu juu yake kupima mwelekeo wa tabaka, ilinipa digrii 40. Nikaisogeza hatua mbili, ikanipa 110. Dira ya kawaida nayo ilicheza vilevile. Basi tukaacha sumaku. Nilitembea juu ya tabaka moja nikiweka nukta kila liliponyanyuka juu ya udongo, na mstari ukajichora wenyewe kiooni, kwa sababu setilaiti haijui sumaku. Nilifurahi mno. Mwinamo bado niliusoma kwa kuweka jicho usawa wa jiwe.

Siku ya mwisho Mzee aliomba nimwonyeshe kwake. Nikavuta picha kwa vidole viwili: paa la bati, zizi, na kivuli kikubwa cha mviringo uani.

"Mwembe," akasema. "Huu uliangushwa na upepo mwaka jana."

Alikishika kishikwambi kwa mikono miwili, na mimi sikumwambia kuwa chaji inakwisha.