Visiwani Lamu, Salama ya Safari Huanzia Kwenye Betri

Visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, ni nchi ambayo barabara yake ni bahari. Msafiri atokaye Mombasa kwa basi hushuka Mokowe, na hapo nchi kavu humwishia. Ajaye kwa ndege hutua kisiwani Manda, naye pia hana budi kuvuka maji. Ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba na mizigo huchukuliwa na punda. Lakini wa kwenda Siyu, Faza au Kizingitini husubiri chombo gatini. Harusi huendewa kwa boti, maiti huzikwa na jamaa waliofika kwa boti, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku kisiwani Pate huletwa hospitali mjini Lamu kwa boti.

Zamani safari hizo zilitegemea tanga na pondo. Majahazi na mashua zingalipo, na mafundi wa Matondoni wangali wanaunda vyombo, ila abiria wengi leo husafiri kwa boti za mashine. Mashine ndogo huwashwa kwa kuvuta kamba. Zile kubwa, zinazobeba familia nzima na mizigo yake, huwashwa kwa ufunguo, na nyuma ya ufunguo huo ipo betri. Tulikaa gatini asubuhi kadhaa za msimu wa kusi tukitazama manahodha wakijitayarisha. Mmoja wao, mtu mzima aliyeanza ubaharia katika enzi ya tanga, alifungua kisanduku cha betri kabla hata ya kutazama petroli. Tulipomuuliza sababu, alitujibu: "Wanangu, tanga likichanika kila mtu huliona. Betri hufa kimya, tena haifi peke yake."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo tuliyoyafuatilia kwa mafundi. Wengi wetu hudhani kuwa betri ikichoka, hasara ni bei ya betri. Sivyo. Betri iliyopungua nguvu huifanya starta izunguke kwa uzito, ikivuta mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mrefu, mpaka nyaya zake za ndani zipate moto na kuungua. Na mashine ikishawaka, mfumo wa kuchaji hubeba mzigo mwingine. Ndani ya mashine ya nyuma ya boti mna gurudumu zito lenye sumaku, linalozunguka kando ya koili za waya na kuzalisha umeme. Kifaa kiitwacho rektifaya huugeuza umeme huo uwe wa kufaa betri. Betri mbovu isiyojaa huifanya kazi hiyo isipumzike, na joto likazidi. Hivyo kitu kimoja cha bei ndogo huharibu viwili vya bei kubwa, katika mashine ambayo nyumba nyingi haziwezi kuinunua kwa mapato ya mwaka mmoja.

Lipo kosa jingine linalotendeka kwa sekunde moja. Mashine ikiwa inanguruma, mtu huzima swichi kuu ya betri, au waya uliolegea huchomoka kwa mawimbi. Umeme uliokuwa ukiingia katika betri hukosa pa kwenda, volti hupanda ghafla, na rektifaya huungua. Mashine za kisasa zenye kompyuta ndani yake huweza kuharibika zaidi. Kugeuza nyaya, ya chanya ikafungwa penye hasi, huleta madhara yaleyale mara moja. Ndiyo maana nahodha makini hukaza nyaya kwa nati na spana, haridhiki na kukaza kwa vidole, na swichi kuu haguswi nayo mpaka mashine izimwe.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Mita ndogo ya kupimia volti yatosha kusema mengi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi. Chini ya 12, iko karibu na kuisha. Mashine ikiwa katika mwendo wa kawaida, mita yafaa isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda kabisa, betri haichajiwi. Ikipita 15, inachajiwa kupita kiasi. Kwa hali zote mbili, fundi aitwe kabla ya safari ya pili.

Adui mwingine ni chumvi ya bahari. Vichwa vya betri hufanya ukungu mweupe au wa kijani, na umeme hupita kwa taabu. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Vichwa husuguliwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, bila tone kuingia ndani ya betri, kisha hukaushwa na kupakwa grisi. Betri ya kuongezwa maji hupewa maji yaliyokenekwa tu. Maji ya kisima huiua. Wakati wa kuchaji, moto na sigara viwekwe mbali, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka. Na boti inapopumzishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya upepo, betri isiachwe ikiwa imepungua, kwani vibati vyake hufanya chumvi ngumu na haijai tena.

Tulipopita njia nyembamba ya Mkanda, mikoko ikiwa huku na huku, tulielewa vyema thamani ya mambo hayo. Mashine ikizimika hapo maji yakipwa, abiria hukaa matopeni wakingoja maji yajae. Ikizimika nje penye miamba na mawimbi ya kusi, na pampu ya kutoa maji ngamani ikakosa umeme kwa betri ileile, jambo huwa la roho za watu.

Abiria ni amana kwa nahodha, na chombo ni amana kwa mwenye kukimiliki. Nasi wasafiri tusione haya. Kabla ya kuwapandisha watoto botini, tuulize kwa adabu: betri imepimwa lini, ipo ya akiba, na je, kuna makasia na maboya ya kutosha? Yule mzee wa gatini hakuchukizwa na maswali yetu. Alitufunulia kisanduku, akatuonyesha mita ikisoma 12.7, kisha akawaita abiria wapande.