Nyumba ya Udongo Hutunzwa Kabla ya Mvua

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi huitumia methali hii wakizungumzia tabia au ndoa. Sisi tuliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tunaielewa kama ilivyo, kwa sababu kuta zetu ni za miti na udongo.

Tulipofika kutoka Kongo tuliishi kwanza chini ya turubai, kisha wazazi wakajenga. Baba hakupenda kuona mama akikarabati. Alikuwa akimwambia, "Mama watoto, unampambia nani nyumba hii? Mwakani tunarudi kwetu." Mama alimjibu, "Baba watoto, hata mgeni hulala pakavu." Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Neno "mwakani" limesemwa hapa na wengi kabla yetu.

Haya ndiyo niliyojifunza kwa mama. Kwanza, kandika wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti au Januari na Februari, ili udongo ukauke kabla ya mvua. Chekecha udongo, uchanganye na mchanga kidogo na samadi ya ng'ombe, ambayo hapa Ankole haikosekani. Acha mchanganyiko ulowe siku mbili au tatu. Nyunyizia ukuta maji kabla ya kupaka, maana udongo mbichi haushiki kwenye ukuta mkavu. Paka tabaka jembamba. Likiwa nene hupasuka linapokauka.

Pili, yaondoe maji. Ukuta huanza kuoza chini, pale matone ya paa yanaporusha tope. Chimba mtaro kuizunguka nyumba na upange mawe chini ya upenu. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita.

Tatu, mchwa. Ukiona vijia vya udongo vikipanda nguzo, vibomoe na uigonge nguzo. Ikilia kama debe tupu, imekwisha kuliwa ndani, ibadilishe.

Aprili mmoja, usiku wa mvua kubwa, ukuta wa jirani yetu uliangukia mahali walipokuwa wakilala watoto. Walipona kwa sababu paa lilikuwa likivuja, nao walikuwa wamehamia upande wa pili. Familia ile ilikaa kwetu wiki tatu. Jumamosi iliyofuata baba aliuliza jembe liko wapi, akachimba mtaro wetu mwenyewe. Habari za mwakani hakuzigusa.

Siku hizi ninasoma Mbarara na ninaishi katika chumba cha kupanga chenye kuta za matofali ya kuchoma. Ndugu wanafunzi, kuitunza nyumba si kusahau kwenu ulikotoka. Mkienda likizo, kabla mvua haijaanza, zungukeni nyumba za wazazi wenu mkitazama chini ya kuta. Ufa wa leo unazibwa kwa karai moja la udongo.