Hodi ya Askari
Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilimwambia bibi yangu kwamba nataka kujiunga na jeshi la akiba la Uganda. Akaniuliza: "Kumbe ndiyo maana unasoma Kiswahili?"

Kwake yeye, hii ni lugha ya askari wa Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hadi 1979. Neno analolikumbuka ni moja: "Fungua!"

Darasani tunafundishwa ngeli na methali. Jeshini Kiswahili bado ni lugha ya amri. Mimi nataka yote mawili: shahada na kuilinda nchi. Fomu nimeijaza.

Nikipata sare, nitakwenda kwake mchana, nibishe hodi, nisubiri nje mpaka aseme karibu. Asiposema, nitarudi kuivua.