Rimu za kuuza sura nusura zitumalize Soni

Msomaji wangu, kama hujawahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, siku ukipata nauli nakuomba upande. Ni kilometa 33 tu za lami, lakini kona zake ukianza kuzihesabu utachoka mwenyewe. Mkono mmoja jabali, mkono wa pili bonde, na huko chini mto unakwenda kwa kelele kama unagombana na mawe. Mombo unaacha joto la kukausha kanga mwilini, Lushoto unafika unaulizia sweta. Wajerumani walipoionja ile baridi wakajiona wamerudi kwao, mji wakaubatiza Wilhelmstal. Jina lao limekwenda, baridi imebaki palepale.

Lakini mimi sikwenda kutalii. Nilitumwa kupeleleza.

Mjomba wangu anaishi Mombo. Ana pikapu moja, Hilux ya zamani, zile zinazosukumwa na tairi za nyuma tu. Kazi yake ni kubeba kabichi, karoti na viazi kutoka Lukozi kuteremsha Mombo, mzigo ukamatwe na malori ya Dar. Gari hilo ndilo linalolisha nyumba nzima, ndilo lililonilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Kwa hiyo mjomba akikuita kwa ajili ya gari, unakwenda.

“Mpwa wangu,” aliniambia usiku ule nilipofika, “wewe si mwandishi? Nyie mnajua kuchimba. Miezi minne hii dereva amebadilisha beringi za mbele mara tatu! Kushoto, kulia, halafu kushoto tena. Beringi iliyofungwa vizuri inaweza kupita kilometa 100,000. Yangu mimi inakufa baada ya wiki tano. Huyu ananunua feki, chenji anatia mfukoni. Panda naye siku mbili. Ukirudi niambie tu ndiyo au hapana, nimfukuze.”

Nikajiona mkubwa kweli. Mpelelezi! Asubuhi nikapanda mbele, daftari mfukoni.

Gari lenyewe lilikuwa bomba. Desemba iliyopita nilipokuja kutembea nililikuta limesimama kwenye vitairi vyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Nikamshauri mjomba akalivalisha rimu pana na tairi nene zinazochomoza nje ya bodi. Rimu nilizichagua mimi mwenyewe huku Dar. Mjomba naye kwa upande wake akaongeza springi za nyuma ili libebe zaidi. Lilipopita stendi ya Mombo watoto walikuwa wanapiga miluzi. Picha yake ninayo mpaka leo kwenye simu.

Dereva nilikuwa namwita braza. Mtu wa miaka 40 na ushee, mpole, mtoto wake mkubwa yuko kidato cha pili. Njiani nikaanza kumchimba. Beringi unanunua wapi? Bei gani? Fundi nani? Alijibu yote bila kusitasita, halafu akacheka kidogo.

“Mdogo wangu, najua umetumwa. Andika tu. Mimi sina cha kuficha.”

We acha! Sikujua niangalie wapi. Nikajifanya natazama maporomoko ya Soni.

Tulipita Lushoto mjini, tukapanda Magamba kwenye msitu wenye ukungu mchana kweupe, tukaingia Lukozi. Msomaji, gulio la Lukozi ni kizaazaa. Kabichi zimepangwa kama kuta za nyumba, akina mama na matenga ya karoti, vijana wanagombea mzigo, kila mtu anaongea Kisambaa kwa sauti ya juu. Pikapu ya tani moja ilipakiwa mpaka mimi nikashika kichwa. Utingo akakaa juu kabisa ya kabichi kama sultani. Kwa ajili ya zile springi za mjomba, gari halikuinama hata kidogo. Ungeliona ungesema halina mzigo.

Kimbembe kilianza wakati wa kurudi. Tulipoiacha Lushoto nikasikia mvumo. Mwanzoni nilidhani ni tairi. Vuuuu... braza akapunguza mwendo, mvumo ukapungua. Akaongeza, ukaongezeka. Kila tulipokata kona ya kulia, gari likiegemea kushoto, ule mvumo uligeuka ukawa mkwaruzo, kama mtu anasaga mchanga kwa meno. Kona ya kushoto, unanyamaza.

“Imeshakufa tena,” braza akasema taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeiona barua ya kufukuzwa kazi.

Tulivuta pole pole mpaka Soni. Kabla hatujasimama, usukani ulianza kucheza mikononi mwake na harufu ya grisi iliyoungua ikajaa ndani. Kushoto kwetu kulikuwa na bonde. Nilimwomba Mungu wangu kwa lugha zote ninazozijua. Tuliposimama utingo akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Akadondosha maji kidogo kwenye habu, yakalia chwaaa, yakakauka.

Pembeni ya barabara tukaelekezwa kwa fundi mmoja mzee sana. Gereji yake ni mti na benchi. Nikamwamkia, “Shikamoo babu.” Akaitikia, akanitazama viatu vyangu vya mjini, akaendelea kunywa chai yake mpaka ikaisha. Ndipo akaja.

Hakuuliza bei wala nani mwenye gari. Alipiga jeki, akashika tairi mkono mmoja juu, mmoja chini, akalitikisa. Likacheza kadhaka kadhaka kama jino la mtoto wa miaka sita. Akavua tairi, akang'oa kifuniko cha grisi, akachomoa pini, akafungua nati. Beringi ndogo ya nje ikatoka vipande vipande, rola zake zimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Kubwa ya ndani ilikuwa nzima nzima, imechoka tu.

Hapo ndipo nilipotoa daftari. Nikauliza kwa sauti ya askari, “Babu, hii si feki?”

Mzee hakunijibu. Akamgeukia braza. “Mnavuka mito na gari hili?”

“Hapana mzee.”

“Nimeona. Maji yakiingia, grisi inakuwa nyeupe kama maziwa. Hii haina maji. Za zamani ulitupa?”

Basi bwana, braza akaenda nyuma ya kiti, akatoa kopo la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na beringi zote zilizokufa, zimefungwa kwenye magazeti pamoja na risiti za maduka matatu tofauti. Alizitunza miezi yote ile akingoja mtu amuulize. Hakuna aliyemuuliza! Sisi tuliuliza pesa tu.

Mzee akazipanga kwenye benchi, ndogo huku, kubwa kule. Kila jozi, ile ndogo ya nje ndiyo iliyoungua. Kila jozi, kubwa ya ndani ilikuwa na nafuu.

“Feki moja nakubali,” akasema. “Lakini feki tatu, za maduka matatu, upande wa kushoto na wa kulia, zote zife namna moja? Hapo si duka wala si dereva. Hapo kuna kitu kinaziua.” Akaokota spana, akagonga kile chuma kinene kilichokaa kati ya habu na rimu. Ngo, ngo. “Hii spesa nani kaiweka?”

Msomaji wangu, nilisikia baridi ya Lushoto yote imenishukia mgongoni. Tairi nilizozichagua mimi zilipofungwa Desemba zilikuwa zinakwaruza ndani kila usukani ukikatwa. Fundi wa mjini akasema dawa ni spesa, zisogezwe nje. Mimi nikashangilia, maana zikichomoza ndiyo zinauza sura zaidi.

Mzee akaniambia nibebe ndoo ya maji iliyokuwa pale. Nikaibeba. “Iweke karibu na paja. Nzito?” Nikasema hapana. “Sasa nyoosha mkono pembeni, uishike hivyo hivyo.” Sekunde tano hazikufika, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu vya mjini. Utingo alicheka mpaka akakaa chini.

“Ndoo ni ile ile,” mzee akasema. “Mkono ndio umekuwa mrefu. Waliotengeneza gari walipanga uzito wa tairi ukae katikati ya beringi mbili, na kubwa ya ndani ibebe zaidi. Nyie mmeisogeza tairi nje, mzigo umehamia kwenye ile ndogo. Mtoto anabebeshwa gunia la baba yake. Na kila kona inamkandamiza tena. Huku kwetu ni kona tupu.”

Akaendelea. Zile springi za nyongeza zinasaidia gari lisiiname, lakini beringi hazikuongezwa. Gari linadanganya. Linaonekana lina nguvu kumbe chini kuna kitu kile kile kidogo kinachobeba ziada. Hata braza hakupona. Mzee alipomuuliza nati inakazwaje, akakiri kwamba baada ya ile ya pili alimwomba fundi aikaze kwa nguvu zote ili isilegee tena.

“Umeiua haraka zaidi,” mzee akamwambia. “Beringi hii haikazwi kama nati ya rimu. Kaza huku unazungusha habu ili ikae vizuri, ilegeze, halafu irudishe taratibu mpaka mchezo uishe tu. Tia pini. Ukiibana inachemka, grisi inakimbia, kwisha habari.”

Yeye alifunga hivyo hivyo mbele yetu. Aliosha habu kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akatoa vikombe vya zamani vilivyomo ndani na kuweka vipya, maana alisema beringi mpya kwenye kikombe kilichochubuka ni kuvaa soksi mpya yenye mwiba ndani. Grisi aliijaza kwa kiganja, rola kwa rola. Upande wa kulia naye akaufungua, akaulegeza. Spesa za pande zote mbili akazitoa, tukaazima rimu za kawaida kwa jamaa yake. Nusu ya kabichi tukaihamishia kwenye gari jingine. Saa mbili usiku ndipo tulipoingia Mombo.

Mjomba alikuwa kibarazani. “Haya, ndiyo au hapana?”

Nakiri mbele yenu wasomaji, kwa sekunde moja nilifikiria kusema “feki mjomba” ili yaishe. Nani angejua? Mzee yuko mlimani, utingo haulizwi. Lakini braza alikuwa amesimama pale getini na lile kopo lake mkononi, kimya. Mtu mwenye mtoto kidato cha pili.

“Hapana mjomba,” nikasema. “Mwizi ni mimi.”

Nikamweleza yote, spesa, rimu, mpaka ndoo ya maji. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akamwita braza, akampa kiti, na mbele ya watoto wote akamwambia, “Nisamehe ndugu yangu. Nilikudhania.” Braza hakusema kitu. Alifungua kopo, akalikabidhi.

Kwangu mimi mjomba alikuwa na maneno machache. “Zile rimu ulizisifia wewe. Utaziuza wewe.”

Nimeziuza, kwa hasara. Beringi za mara ya tatu nazilipia mimi kidogo kidogo kutoka kwenye hizi senti za kuandika. Miezi sita imepita, pikapu imerudi kwenye vitairi vyake vyembamba, mzigo wake ni tani yake, na habu ukiigusa ikitoka mlimani ni ya vuguvugu tu. Watoto wa stendi hawapigi tena miluzi. Mtoto wa braza yuko shule.

Ukipanda Lushoto, pale Soni simama unywe chai, utazame maporomoko. Na kama gari lako linavuma kwenye kona, kabla hujamwita dereva wako mwizi, piga jeki kwanza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.