Kawawa wa Kwenye Shuka

Sisi watoto wa Kariakoo tulimjua Rashidi Kawawa kabla siasa haijamjua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, gari la sinema la serikali lilikuwa likija Mnazi Mmoja jioni. Shuka jeupe linatundikwa, jenereta inawekwa mbali isije ikameza maneno. Kiingilio hakuna. Wakubwa walijaa mbele, nasi wadogo tukasukumwa hadi nyuma ya shuka, ambako picha ilionekana kinyumenyume: vibao vya maduka havisomeki, na kila mtu ni mashoto. Kwa hiyo Kawawa wangu wa kwanza alikuwa mashoto.

Filamu yenyewe ni Muhogo Mchungu. Kawawa, kijana wa Songea aliyesoma Tabora na wakati huo mtumishi wa serikali katika ustawi wa jamii, alicheza mshamba aliyeingia Dar es Salaam akaangukia mikononi mwa matapeli. Wakoloni walikusudia tupate funzo. Tulipata kicheko, na waliocheka zaidi ni wale walioshuka mjini juzijuzi. Hakuwa Raj Kapoor wa sinema za Kihindi, tuseme kweli. Lakini Raj tulimlipia, na maneno yake hatukuyaelewa. Huyu aliongea Kiswahili chetu, katika mitaa yetu, na alijua kushangaa. Kushangaa mbele ya kamera bila kuonekana unajishangaza si kazi ndogo. Akaonekana tena katika filamu nyingine chache za namna hiyo, basi.

Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, katibu mkuu wake alikuwa yeye. Baba, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini, alirudi siku moja akasema, "Yule mshamba wenu wa kwenye shuka ndiye anayetusemea." Serikali ilikuwa imeitembeza sura yake kijiji kwa kijiji kwa petroli yake yenyewe, hivyo alipopanda jukwaani kuipinga, hakuhitaji kujitambulisha. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyekabidhiwa kiti ni Kawawa.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1974, yeye akiwa Waziri Mkuu tena, shangazi yangu huko bara alihamishwa na lori pamoja na mabati yake, mahindi yakabaki shambani. Nilimkasirikia Kawawa kwa hilo, na bado sijamaliza. Hata hivyo nilipomsikia redioni akiwahimiza watu warudi kulima, nilijikuta namwona yule mshamba wa kwenye shuka na mji uliomtapeli.

Alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009. Wiki ile barazani vijana walikuwa wakihesabu vyeo vyake, wakimwita Simba wa Vita. Nikawaambia mtu huyu alikuwa mcheza filamu. Mmoja akadakia, "Babu, alikuwa stelingi? Alikuwa anapiga ngumi?"

Nikamwambia hapana, yeye ndiye aliyekuwa anaibiwa.