Tukiisha kufagia, takataka ziende wapi?

Sisi watu wa mtaa mmoja wa Bukavu tulikutana tukaandika barua kwa wakubwa wa mji. Hatukukataa salongo, kazi ile ya pamoja iliyoenezwa nchini mwetu katika miaka ya 1970. Majembe na fagio tunavyo, na akina mama hutangulia. (Wanaume, mnajijua.) Tuliuliza neno moja tu: tukiisha kufagia, takataka ziende wapi?

Maana lundo likilala kando ya njia, mvua ya usiku huliteremsha kilimani mpaka mto Kawa, nao Kawa hulimwaga katika ziwa Kivu. Humo chupa na mifuko ya plastiki huelea polepole mpaka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, hukwama mbele ya mitambo ya umeme iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na taa za nyumba zetu huzimika.

Fedha hatukuomba. Tuliomba gari lipite siku ile ile ya salongo, kabla ya mvua. Wapakiaji tutawatoa sisi wenyewe. Wazee walitia sahihi, na vijana, na wajane wawili wauzao samaki. Jibu tunalingojea.