Unanyanyua Land Rover? Anzia uvunguni, mshikaji!

UKITAKA kujua kama kijana wa Arusha ana hela au anajikongoja, usimwangalie viatu. Angalia amekaa umbali gani kutoka ardhini! Gari iko chini, watu wanapita kama hawajamwona. Gari iko juu, tairi zimevimba kama maandazi ya asubuhi, basi huyo mtoto wa mjini, hata kama anadaiwa kodi ya chumba miezi mitatu.

Na gari yenyewe, bwana wee, kwa A-town ni Land Rover. Kitu hicho kilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kikaacha kutengeneza ile Defender ya zamani Januari 29, 2016, lakini Arusha hakuna aliyekubali kuvaa nguo za msiba. Oktoba 2024 lilipofanyika tamasha la Land Rover mjini hapa, zilitoka mpaka zile tulizodhani kuku wanatagia ndani.

Juma hili nakupeleka Unga Limited, halafu tunakwenda wote mpaka Ziwa Natron. Funga mkanda.

Kisa chenyewe kiko hivi. Baba mdogo ana Land Rover One Ten ya miaka ya tisini, injini Tdi 300. Gari hiyo ndiyo ada ya wadogo zangu wawili, ndiyo unga, ndiyo bati la nyumba. Kazi yake ni njia ya Natron: leo wageni na mahema yao, kesho akina mama na magunia. Sasa ilikuwa imeanza kuchoka. Nyuma imekaa chini, na ukiachia klachi unasikia 'ko!' kama mtu anagonga mlango.

Hela iliyopatikana ilitosha kazi moja tu kubwa. Ama kuinyanyua, ama kushughulikia gia na difu. Zote mbili kwa mpigo, ndoto.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ndiye dereva. Kura yake ilikuwa wazi: inchi 4 juu, tairi kubwa, watu wageuke. Baba mdogo akaniita pembeni.

"Wewe si unaandika kwenye magazeti? Unajua kuuliza watu maswali. Nenda naye. Mimi ninachotaka gari irudi na watu wake wote."

Hapo utajibu nini zaidi ya "sawa baba"?

MTAA WA GRISI

Unga Limited huna haja ya kuuliza njia. Fuata sauti ya nyundo. Udongo wa gereji zile umekunywa oili mpaka umekuwa mweusi, cheche za welding zinaruka, na mama ntilie anapita na birika la chai katikati ya mifupa ya magari bila kuchafua hata kanga.

Utaona mabodi ya Land Rover yamesimama hayana kutu. Usidanganyike! Bodi ni bati la alumini, halishiki kutu. Chasisi ndiyo chuma, na chuma kinaoza kimyakimya. Kabla hujanunua springi hata moja, chukua nyundo ndogo, gonga chasisi yote. Ikilia ngaa, sawa. Ikilia pu, hela yako inaishia hapo, mengine sahau.

Gereji ya kwanza tulipokewa kama mabosi. Jamaa wa pale, miwani ya jua, hakuuliza gari inakwenda wapi wala inabeba nini. "Tunakupigia inchi 4, tairi za 285, halafu tunakufungia transfa ya Discovery. Utapaa mwanangu!" Mdogo wangu macho yakamng'aa kama kaona jezi ya Simba bure.

Nikamwambia twende gereji nyingine kwanza, tusikie na upande wa pili.

UVUNGUNI KWA MZEE

Gereji ya pili ni ya mzee mmoja mwenye vidole vinene kama ndizi za Mto wa Mbu. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba wanangu," kisha badala ya kutuletea bei akatuletea boksi la karatasi. "Lalieni hili, ingieni chini."

Tukaingia.

"Haya, kitu gani kitagusa jiwe kwanza?"

Tukatazama. Kumbe ni difu! Limening'inia pale katikati ya ekseli kama tikiti.

"Nikiweka springi ndefu, hilo difu litapanda?"

Kimya. Halafu mdogo wangu akasema taratibu, "Halipandi."

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Springi ndefu zinanyanyua bodi na chasisi. Ekseli na difu vinabaki palepale, kwa sababu vimekalia tairi. Kitu pekee kinachopandisha difu ni tairi kubwa zaidi. Na hiyo nayo inapandisha kiasi gani? Tairi ya kawaida ya One Ten, 235/85R16, ina kimo cha milimita 806 hivi. Ile 285/75R16 ni kama 834. Tofauti ni 28, lakini ekseli iko katikati ya tairi, kwa hiyo unachopata ni nusu: milimita 14. Upana wa kidole, basi!

Si kwamba kunyanyua ni uongo. Kuna faida: tumbo la gari haligusi ukingo wa korongo, tairi kubwa inapata nafasi ya kupanda na kushuka bila kusugua bodi. Inchi 2 gari inavumilia vizuri, ukifunga na shokapu ndefu zinazolingana. Ukifika 4, matatizo yanaanza kupanga foleni.

Tatizo la kwanza ni usukani. Tazama baiskeli. Ule uma wa mbele umelala kidogo, ndiyo maana fundi wa baiskeli anaachia mikono na inakwenda moja kwa moja. Ekseli ya mbele ya Land Rover nayo imelazwa hivyohivyo. Ukinyanyua sana, ule mlalo unapungua, na gari inaanza kutangatanga barabarani kama mlevi. Inabidi ununue bushi maalum au mikono mipya ya ekseli kurudisha mlalo.

La pili ni propela. Nyosha mkono, zungusha kiganja: raha. Sasa kunja kifundo, zungusha tena: unasikia? Krosi za propela ndivyo zinavyoteseka gari ikiwa juu. Zinatetemeka, zinakufa mapema.

La tatu ni mipira ya breki. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, mpira mfupi unavutika. Sihitaji kukwambia ukikatika kitatokea nini.

La nne ni uzito. One Ten ya baba mdogo inabeba mahema, madumu ya maji na tairi ya spea juu ya paa. Pandisha vyote hivyo inchi 4, halafu kata kona na watu 8 ndani. Mimi nilimfikiria baba mdogo na lile neno lake: irudi na watu wake wote.

HESABU ZA GIA

Nikamuuliza mzee kuhusu ile transfa ya Discovery. Akacheka. "Mbaya haina. Swali ni unakwenda nayo wapi."

Transfa ni ile boksi nyuma ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ya One Ten yenye Tdi 300 ina gia kubwa ya 1.41. Ya Discovery ni 1.22. Maana yake, kwa spidi ileile injini inazunguka pungufu kama asilimia 13. Kwa mtu wa lami, mwenye gari tupu, ni raha: kelele zinapungua, dizeli inapona. Lakini nguvu nayo imepungua. Ongeza na tairi kubwa, pungufu inafika asilimia 16 hivi. Ukiwa na watu na magunia, gia ya tano utaisikia kwenye redio.

Gia ndogo, ile ya matope na mawe, kwenye transfa zote mbili ni 3.32. Haibadiliki. Kwa hiyo kule korongoni ile ya Discovery haikusaidii kitu.

Kisha mzee akapiga jeki na kuanza kutikisa kimoja kimoja. Krosi mbili zimelegea. Meno ya mwisho wa ekseli, pale inapozungusha gurudumu, yameliwa. Akafungua transfa, akatuonyesha gia ya kuingilia: meno ya ndani yamelika kwa kukosa oili. Ugonjwa huo ni maarufu kwa hizi Tdi 300, na dawa ni gia mpya yenye vitundu vya kupitishia oili. Ikiachwa, siku moja unatia gia, injini inanguruma, gari haiendi. Sasa iwe porini, jua la saa nane!

Akamaliza na kile kilichomnyamazisha kabisa mdogo wangu. Akashika fimbo ya kufunga difu la kati. Haisogei. Imeganda!

Elewa hivi: Land Rover hii tairi zote nne zinasukuma muda wote, na katikati kuna difu la kugawa nguvu mbele na nyuma. Usipolifunga, tairi moja ikining'inia hewani, nguvu yote inakimbilia huko, nyingine tatu zinatazama tu. Watu wanaifunga mara moja kwa mwaka, vyuma vinashika kutu, siku ya shida haifungi. Kuirekebisha ni grisi, mafuta ya kulainisha na jasho. Bei yake haifiki hata tairi moja! (Ila kwenye lami ifungue, usije ukaua gia.)

Tukarudi nyumbani kwa baba mdogo na orodha. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeisoma. Gia ya transfa, krosi, meno ya ekseli, fimbo ya difu, oili mpya kote. Chenji iliyobaki ikatosha springi za nyuma za kazi nzito, urefu uleule wa kiwandani, na shokapu zake. Tairi zikabaki 235. Na tazama maajabu: zile springi za zamani zilikuwa zimelala, kwa hiyo nyuma ilipanda yenyewe, tena bure!

NJIA YA MLIMA WA MUNGU

Jumamosi iliyofuata nikapanda. Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu, kupitia Kisongo na Makuyuni, ni zaidi ya kilometa 100 za lami, na upepo wa pale Makuyuni si wa kitoto. Gari imetulia, ile 'ko!' haipo. Hapo ndipo unaelewa kwamba nusu ya safari ya porini ni lami, na gari iliyojengwa kwa ajili ya picha inakutesa kabla hujafika porini.

Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu, tukashika njia ya Engaruka, kule kwenye mabaki ya matuta ya mawe ya wakulima wa kale. Kulia tambarare, kushoto ukuta wa Bonde la Ufa. Ukiacha lami, vumbi linaingia mpaka kwenye mawazo.

Mbele ya Engaruka tukakuta korongo, mvua imelikata upya. Mdogo wangu akasimama, akashuka, akalitembelea kwa miguu. Akarudi, akatia gia ndogo, akavuta fimbo ya difu. Taa ikawaka. Tukashuka taratibu, tairi ya nyuma kushoto ikapanda hewani, mama mmoja nyuma akaita jina la Mungu... na gari ikaendelea kutambaa kama kobe mpaka juu. Hakuna aliyeshuka kusukuma.

Kisha Ol Doinyo Lengai ukasimama mbele yetu, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi, nyeusi ikitoka, nyeupe ikishakaa. Jioni tukafika Ngare Sero, na pale mbele ziwa linang'aa, na heroe, wale flamingo, wamelipaka rangi ya waridi ukingoni. Watu 8 tulitoka, watu 8 tukashuka.

Basi msomaji, kama una mkweche wako, pangilia hivi: chasisi kwanza, breki na usukani pili, gia na difu tatu, springi na shokapu nne, tairi tano. Kunyanyua kuje mwisho, na inchi 2 zinatosha. Mtu akikutajia bei kabla hajakuuliza unakwenda wapi na unabeba nini, aga kistaarabu.

Mdogo wangu bado inchi zake anazo moyoni. Pale Ngare Sero alinipa simu nimpige picha na gari. "Kaka," akaniambia, "lala chini kabisa halafu piga kwa kuinua, ionekane ndefu!"

Nikalala. Haikugharimu hata senti. Tukutane juma lijalo.